Timu imeshinda, mbona mkeka umechanika? Namna ya kusoma odi ya mshindi

Kila ligi inapoanza, swali hili hutufikia kutoka Same mjini, Hedaru hadi juu Mamba Miamba. Anayeuliza huwa na hakika kwamba ameibiwa. Mara nyingi hajaibiwa. Amebashiri kitu kimoja huku moyoni akifikiria kingine.

Ubashiri rahisi kuliko wote ni wa kutaja mshindi wa mechi, ambao Wamarekani huuita manilaini. Idadi ya magoli haina maana hapa: ushindi wa 1-0 na wa 5-1 hulipa sawa. Kwa kuwa soka lina sare, kwetu huandikwa 1X2, yaani 1 ni mwenyeji, X ni sare na 2 ni mgeni. Mpira wa kikapu hauna sare, hivyo machaguo ni mawili, na kwa kawaida muda wa ziada huhesabiwa.

Kwenye soka muda wa ziada hauhesabiwi. 1X2 huishia dakika 90, pamoja na zile chache za majeruhi. Fainali ya Kombe la Dunia 2022 kule Qatar iliisha 2-2 ndani ya dakika 90, na Argentina ikaifunga Ufaransa kwa penalti. Aliyeweka "Argentina" kwenye 1X2 alipoteza. Aliyeweka X ndiye aliyelipwa.

Mfano wa nyumbani uko kinyume chake. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam, kisha Juni 3 ikashinda 1-0 Algiers. Jumla ikawa 2-2, kombe likaenda kwa Waalgeria kwa magoli ya ugenini. Aliyetaja Yanga kushinda mechi ile ya Algiers alilipwa, hata kama usiku huo alilia. Aliyetaja Yanga kutwaa kombe alipoteza.

Sasa tuje kwenye namba. Tuseme mwenyeji ana odi 1.80, sare 3.40, mgeni 4.20. Ukiweka shilingi 10,000 kwa mwenyeji na akashinda, unapokea 18,000, na ndani yake kuna 10,000 yako mwenyewe. Faida ni 8,000. Kwenye kurasa za Marekani odi hizo hizo huandikwa -125, +240 na +320: alama ya kutoa inaonyesha unachopaswa kuweka ili upate faida ya 100, na ya kujumlisha inaonyesha faida utakayopata ukiweka 100.

Chukua 100 uigawe kwa kila odi. Utapata asilimia 55.6, 29.4 na 23.8. Zijumlishe: 108.8. Mechi moja haiwezi kuwa na uwezekano unaozidi 100, kwa hiyo ile 8.8 ya juu ni sehemu ya kampuni. Mshindi awe nani, ulipo wako umeshapunguzwa kabla filimbi haijapigwa. Tunaomba uifanye hesabu hii mwenyewe kwa kalamu, maana tangazo la kubeti halitakufanyia.

Kwenye mkeka wa timu nyingi makato haya huzidishana. Weka timu tano, kila moja odi 1.80: shilingi 1,000 inaahidi karibu 18,900, na hapo ndipo kijana wa bodaboda pale stendi anapoona pikipiki yake mwenyewe. Lakini ukiondoa sehemu ya kampuni, kila timu ina nafasi ya asilimia 51 hivi, na zote tano kushinda pamoja ni kama mara moja katika 29. Mikeka 29 inagharimu 29,000 ili kupata 18,900. Bado kodi ya ushindi haijakatwa.

Tunalisema hili kwa sababu tangawizi ya Mamba hukaa shambani miezi minane na zaidi, na fedha yake siku hizi huingia kwenye simu ile ile inayotandika mikeka. Kati ya malipo ya mnunuzi na kampuni ya kubeti kuna kubonyeza mara tatu au nne tu. Ada ya shule haina njia fupi namna hiyo.

Michezo hii ni halali kwa mwenye miaka 18 na kuendelea, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, na leseni hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Kampuni isiyo na leseni ya Bodi ikikataa kukulipa, huna mahali pa maana pa kupeleka malalamiko. Kampuni yenye leseni ikikataa, tunza namba ya mkeka na ujumbe wa muamala, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyoonyesha uliweka nini na ulilipa kiasi gani.