Eropleni ya Viwiliwili Viwili: Zilizoruka na Moja Isiyoruka



Mtu aliyepata kuvuka mto mpana huenda ameona mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti na kamba, na juu yake mbao za kuwekea mizigo. Mtumbwi mmoja hauwezi kuchukua ng'ombe. Miwili iliyofungwa yaweza. Atazamaye husema, "Kazi hii ni nyepesi: twaa kimoja, ongeza cha pili, funga." Mazungumzo ya leo ni habari za mafundi waliotaka kufanya vivyo hivyo kwa eropleni. Tena nitawaeleza jinsi nilivyokuja kuifahamu shida yao mezani pangu, kwa kisu, msasa na gundi, nilipounda mfano mdogo wa eropleni ya vita ya namna hiyo, ambayo haikuwako duniani kamwe.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kiwiliwili cha eropleni ni ile sehemu ndefu iliyo katikati ya mabawa, ambamo aghalabu rubani hukaa, na mwisho wake ni mkia. Rafadha ni lile panga lizungukalo mbele ya injini na kuivuta eropleni hewani. Eropleni karibu zote zina kiwiliwili kimoja. Chache zimepata kuwa na viwili, na kila moja ilikuwa na sababu yake.

Waitalia walikuwa na Savoia-Marchetti S.55, eropleni ya kutua majini. Viwiliwili vyake viwili vilikuwa na umbo la mashua, na marubani walikaa katikati, ndani ya unene wa bawa. Mwaka 1933 Italo Balbo aliongoza kundi la eropleni hizo toka Italia hata Chicago. Katika zote nitakazozitaja hii ndiyo iliyo karibu sana na mitumbwi yetu.

Wajerumani walikuwa na shida nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili waliunda chombo kikubwa mno kisicho na injini, kiitwacho Messerschmitt Me 321, ambacho mabawa yake toka ncha hata ncha yalipata meta 55. Chombo hicho hakiwezi kuruka pasipo kuvutwa. Mwanzo walikivuta kwa eropleni tatu pamoja, kila moja na kamba yake, na kazi hiyo ilikuwa ya hatari, maana mmoja akikosea wote huangamia. Basi wakatwaa eropleni mbili za Heinkel He 111, wakaziunganisha kwa bawa la katikati. Kila Heinkel ilikuwa na injini mbili, lakini hizo nne hazikutosha, ikawa lazima kutia nyingine katika bawa lile la kati. Nimezisoma habari hizo mara nyingi, na kila mara hucheka: katika hesabu ya mafundi hao, mbili na mbili zilikuwa tano.

Walakini eropleni ya viwiliwili viwili iliyonishika moyo ni ya Wamarekani, nayo nitaieleza kwa urefu.

Mwaka 1945 Wamarekani walikuwa wakiipiga Ujapani kwa eropleni kubwa za kutupa mabomu. Eropleni hizo zilihitaji walinzi, yaani eropleni ndogo za kupigana, nazo zilikuwa Mustang, zenye kiwiliwili kimoja, injini moja na rubani mmoja. Tangu Aprili mwaka huo Mustang ziliondoka kisiwa cha Iwo Jima kwenda Ujapani. Toka kisiwani hata Tokyo ni maili 750 hivi, bahari tupu, na kurudi ni maili zile zile. Rubani alikaa saa saba au nane amefungwa kitini, hana nafasi ya kunyosha mguu, hana wa kumpokea usukani, wala hana wa kumwonyesha njia. Tarehe 1 Juni 1945 kundi moja la Mustang liliingia katika wingu la tufani kubwa njiani. Eropleni 27 zikapotea, wala si kwa risasi za adui.

Shida ya safari hizo ndefu ilikuwa imekwisha kufikiriwa tangu zamani. Edgar Schmued, fundi mkuu aliyeichora Mustang, na wenzake walikuwa wakishughulika na eropleni iwezayo kwenda zaidi ya maili 2,000, yenye marubani wawili, mmoja apumzike wakati mwenziwe anaendesha. Wakachora viwiliwili viwili vya namna ya Mustang vilivyoungwa kwa bawa la kati mbele, na bawa jingine dogo mkiani. Iliitwa P-82, yaani Mustang Pacha.

Mtu akiiona picha yake atasema ni Mustang mbili zilizofungwa pamoja. Hivyo sivyo. Kila kiwiliwili kilirefushwa inchi 57 nyuma ya kiti cha rubani, ili kupata nafasi ya matangi ya petroli na vyombo vingine. Mabawa ya nje yalihitaji nguvu mpya, maana uzito ulikuwa mwingine. Hata ilipokwisha, sehemu zilizoweza kutolewa katika Mustang ya kawaida na kutiwa humo zilikuwa chache. Waliokusudia kufunga mitumbwi miwili walijikuta wameunda jahazi.

Kisha ikaja taabu ya rafadha. Rafadha mbili zizungukazo upande mmoja huivuta eropleni kwenda kombo, kwa hiyo mafundi waliitia injini moja gia ya kuigeuza, ili rafadha moja izunguke kulia na ya pili kushoto. Jambo hilo lilikuwa la akili. Lakini imeandikwa kwamba eropleni ya kwanza ilipopelekwa uwanjani haikutaka kupaa. Mafundi walichunguza sana, hata wakaona kwamba mapanga ya rafadha zote mbili, yalipolikaribia bawa la kati, yalikuwa yakipanda juu. Upepo wake ulilivuruga bawa hilo hata likakosa nguvu ya kuinua, nalo lilikuwa kama robo ya mabawa yote. Wakabadilisha injini, ya kulia ikawekwa kushoto na ya kushoto kulia, ili mapanga yashuke pale katikati badala ya kupanda. Mwezi wa Juni 1945 eropleni ikaruka.

Vita vya Ujapani vilikwisha Agosti, miezi miwili tu baadaye. Rubani wa Iwo Jima hakupata hata mara moja mwenziwe wa kumpokea usukani.

Hata hivyo eropleni yenyewe ilikuwa njema. Tarehe 27 Februari 1947 Robert Thacker na John Ard waliondoka Hawaii na Mustang Pacha iliyoitwa Betty Jo, kwa jina la mkewe Thacker, nao wakatua New York siku ya pili yake baada ya mwendo wa maili 5,051 kwa saa kumi na nne na nusu hivi, pasipo kutua njiani wala kuongezwa petroli. Walibeba matangi manne ya nje, ya kuangushwa yakiisha; matatu hayakuangushwa, yakafika New York yamening'inia matupu. Tarehe 27 Juni 1950, vita vya Korea vilipoanza, Mustang Pacha ndiyo iliyoangusha eropleni ya kwanza ya adui. Betty Jo imehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho huko Dayton, jimbo la Ohio.

Sasa nitaeleza mfano wangu. Wapendao kazi hii hufuata vipimo maalumu, na kimoja kinachopendwa sana ni cha moja kwa sabini na mbili. Mwanafunzi atakikumbuka kwa urahisi, kwa sababu katika kipimo hicho futi 6 za eropleni ya kweli ni inchi 1 ya mfano. Mtu mrefu aweza kusimama juu ya ukucha wa kidole gumba. Waingereza walianza kuuza vipande vya plastiki vya kipimo hicho mwaka 1936. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge mifano 500,000 ya mbao kwa kipimo hicho hicho, ikapakwa rangi nyeusi, ili askari wajifunze kutambua eropleni kwa umbo lake. Mchezo haukuwamo humo. Mtoto akilikosea bawa, mpiga mzinga aweza kumwua mwenzake.

Mimi nilitwaa vipande vya Spitfire mbili za Waingereza, za namna ile ya kwanza iliyopigana mwaka 1940. Spitfire pacha haikuundwa kamwe, nami nilitaka kuona ingekuwaje. Nikamkata wa kushoto bawa lake la kulia, na wa kulia bawa lake la kushoto. Nikapima mzunguko wa rafadha: karibu futi 11, basi katika mfano ni inchi 1 na robo tatu na zaidi kidogo. Viwiliwili vikikaribiana kuliko hapo, rafadha zitakatana. Nikaviweka mbali inchi 2 na nusu, yaani futi 15 za kweli, nikaunda bawa la kati kwa kipande cha plastiki bapa, nikaziba nyufa kwa puti, nikapiga msasa. Nilifurahi sana.

Furaha haikudumu. Spitfire ile ilikuwa na chombo cha kupozea maji ya injini chini ya bawa la kulia, na cha kupozea mafuta ya kulainisha injini chini ya bawa la kushoto. Mimi nilikuwa nimeyatupa mabawa mawili pasipo kutazama chini yake! Injini yangu ya kushoto ingechemka kabla ya kuliacha eneo la uwanja, na ya kulia ingeyaunguza mafuta yake. Nikavifukua vyombo hivyo katika takataka, nikavibandika chini ya bawa la kati. Tena nilikuwa nimetupa bombomu nne katika kila bawa, zikabaki 8 kati ya 16. Hapo nikawaiga Wamarekani, waliotia 6 katika bawa la kati, ambapo risasi hupita wazi katikati ya rafadha mbili. Rafadha zangu nazo zilizunguka upande mmoja zote. Nikachonga nyingine kwa mkono, nayo haikupendeza, lakini inashuka mahali panapotakiwa.

Mwanafunzi mmoja alikuja nyumbani akaiona. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ilipigana wapi?" Nami, kwa mzaha, nikamwambia ililinda meli katika bahari ya Atlantiki mwaka 1943. Juma lililofuata nikaona maneno hayo katika daftari lake la historia, yameandikwa kwa wino, chini ya habari za vita ambazo ni kweli tupu. Nilitahayari. Watu walizama katika bahari ile, na marubani waliowatafutia njia wana majina yao. Mimi nilikuwa nimeingiza kitu cha plastiki kati yao. Nikamwita, nikamweleza, akaufuta ukurasa, ijapokuwa wino haufutiki vema. Kisha nikabandika kibao chini ya mfano, nikaandika: "Haikuundwa. Haikuruka."

Yule kijana hakukasirika. Aliigeuza eropleni juu chini, akaitazama miguu ya magurudumu. Miguu ya Spitfire hukunjwa kwa kwenda nje, ndani ya mabawa. Kwa hiyo miguu miwili ya ndani ya mfano wangu ingekunjwa kuingia katika bawa la kati. "Na bombomu je," akauliza, "zitakaa wapi?"

Nikatwaa rula, nikapima, nikaona nafasi haitoshi. Nikaiondoa ile miguu miwili ya ndani, nikaziba matundu kwa puti, ikabaki miwili ya nje. Mustang Pacha nayo ilisimama juu ya miwili mikubwa ya mbele, na kigurudumu kidogo chini ya kila mkia. Alipoondoka aliniuliza kama miguu miwili ya Spitfire yaweza kubeba uzito wa Spitfire mbili. Nadhani haiwezi. Nimeinenepesha kwa waya.