Klabu ya michezo inavyomwandaa kijana kuwa kiongozi

KILA jioni katika viwanja vya Moshi Mjini, na katika viwanja vya shule vilivyochongwa kwenye miteremko ya Kibosho, Uru, Marangu na Machame, vijana hukusanyika kucheza. Wapo wa soka, wapo wa netiboli, mpira wa wavu na riadha.

Wazazi wengi huona faida mbili katika mikusanyiko hiyo. Ya kwanza ni afya ya mwili. Ya pili ni kumwepusha kijana na vijiwe na pombe. Faida ya tatu haizungumzwi sana, nayo ni kwamba hapo ndipo kijana anapoweza kujifunza kuongoza wenzake.

Hata hivyo, ni vyema ieleweke mapema kwamba kupiga mpira peke yake hakumfanyi mtu kuwa kiongozi. Kijana anaweza kucheza miaka kumi chini ya mtu mzima mmoja anayepanga timu, anayeshika fedha, anayetafuta mechi na anayeamua nani afukuzwe. Kijana huyo atatoka na misuli imara na utii, lakini uongozi hatakuwa ameuonja.

Kinachomfundisha kuongoza ni klabu, yaani chombo chenye wanachama, katiba na viongozi wanaowajibika. Klabu hufanya hivyo pale tu inapomkabidhi kijana jukumu la kweli na kumtaka atoe hesabu yake.

Timu na klabu

Timu ni wachezaji walio uwanjani. Klabu ni ule umoja unaobaki baada ya filimbi ya mwisho: wenye jezi, wenye daftari la ada, wenye kikao cha Jumapili.

Nchini Tanzania, michezo husimamiwa na Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Klabu inayotaka kutambuliwa rasmi hutakiwa kusajiliwa, na usajili huo hudai katiba na viongozi wanaojulikana.

Vijana wengi huiona katiba kuwa karatasi ya kumridhisha ofisa michezo. Ukweli ni kwamba kuiandika ni somo zito. Wanachama hulazimika kujibu maswali magumu kabla ugomvi haujatokea: nani ana haki ya kupiga kura, mwenyekiti akae madarakani kwa muda gani, asiyelipa ada afanywe nini, na fedha zitolewe benki kwa saini za watu wangapi.

Kijana wa miaka 17 aliyeshiriki mjadala huo amekwishajifunza jambo ambalo watu wazima wengi hulisikia kwa mara ya kwanza kwenye mkutano wa kijiji.

Moshi na mila ya ushirika

Kwa wakazi wa Kilimanjaro, fikra hiyo si ngeni. Kabla ya ukoloni, mifereji ya kumwagilia migomba ilichimbwa na kutunzwa kwa pamoja. Kila kaya iliyotumia maji ilitoa nguvukazi siku ya kusafisha mfereji, na asiyefika aliadhibiwa. Maji yaligawanywa kwa zamu na msimamizi aliyekubalika.

Mwaka 1925 wakulima wa kahawa walianzisha chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU. Chuo cha Ushirika kilianzishwa mjini Moshi mwaka 1963, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2004 na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi mwaka 2014.

Uwanja maarufu zaidi wa mji huo unaitwa Ushirika. Hapo ndipo zinapoanzia na kumalizikia mbio za Kilimanjaro Marathon zilizoanza mwaka 2003, na hapo ndipo Polisi Tanzania ilipochezea mechi zake za nyumbani ilipokuwa Ligi Kuu kati ya mwaka 2019 na 2023.

Jina la uwanja huo linaweza kuwa somo kwa klabu ndogo za mchangani. Chama cha ushirika husimama juu ya mambo manne: mwanachama ana kura moja, kiongozi huchaguliwa, hesabu husomwa hadharani, na mali ni ya wote. Klabu ya vijana 25 inaweza kuendeshwa kwa misingi hiyo hiyo, na gharama ya kuanza ni daftari na kalamu.

Fundisho la Mathare

Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki uko Nairobi. Mwaka 1987, katika mitaa ya mabanda ya Mathare, Bob Munro, raia wa Kanada, alisaidia kuanzisha chama cha michezo cha vijana kinachofahamika kwa kifupi kama MYSA.

Masharti yake yalikuwa mapya. Timu zilicheza ligi, lakini zilitakiwa pia kuzoa takataka mitaani. Timu iliyofanya usafi ilipewa pointi katika msimamo wa ligi, hivyo iliwezekana kushinda mechi uwanjani na bado kuachwa nyuma na timu iliyoshika mafagio. Mwaka 1992, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) liliitunuku MYSA tuzo yake ya Global 500.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba maamuzi yaliwekwa mikononi mwa vijana wenyewe. Walichaguana katika kamati za mitaa, wakapanga ratiba, wakafundisha wadogo zao na kuchezesha mechi. Kwa kila kazi ya kujitolea kijana alijikusanyia pointi, na waliofanya vizuri walilipiwa ada ya shule. Uongozi ukawa kazi yenye kipimo na tuzo.

Katika mfumo huo ilizaliwa Mathare United mwaka 1994, timu iliyotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008. Kumbe kuwaachia vijana madaraka hakukushusha kiwango cha mpira.

Hoja hiyo inaungwa mkono na jaribio la zamani lililofanyika Marekani. Mwaka 1939, Kurt Lewin na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza klabu za wavulana wa umri wa miaka 10 hivi. Baadhi ziliongozwa na mtu mzima aliyeamrisha kila kitu, nyingine na aliyewashirikisha katika kuamua. Mwamrishaji alipotoka chumbani, kazi ya vijana wake ililegea. Waliozoea kushirikishwa waliendelea hata kiongozi alipokuwa hayupo.

Msomaji anaweza kulifanya jaribio hilo mwenyewe katika uwanja wowote wa Moshi. Asubiri siku kocha asipofika, kisha aangalie kama mazoezi yatafanyika.

Wasichana wasiachwe nyuma

Katika klabu nyingi, msichana hukaribishwa kucheza lakini kiti cha uongozi hubaki kwa mvulana au kwa mwalimu. Msichana hurudi nyumbani mapema kupika na kuteka maji, na kikao hufanyika yeye akiwa hayupo.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, mradi wa Moving the Goalposts ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha njia nyingine. Wasichana walipewa soka, na pamoja nayo kamati: wao ndio waamuzi, makocha na waandaaji wa ligi yao.

Klabu ya Marangu au Rombo inaweza kuiga hatua hiyo bila fedha za mfadhili. Inatosha kupanga vikao katika saa ambazo wasichana wanaweza kufika, na kuandika ndani ya katiba kwamba nafasi ya mwenyekiti, katibu au mweka hazina ishikwe na msichana.

Aidha, usalama ni sehemu ya uongozi. Klabu yenye watoto iwe na utaratibu unaofahamika wa safari, malazi na mahali pa kupeleka malalamiko. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto awapo uwanjani kama inavyomlinda nyumbani.

Majukumu yanayofundisha

Yapo majukumu ambayo kijana anaweza kukabidhiwa mapema. Mweka hazina hupokea ada, hutoa risiti na kusoma mapato na matumizi mbele ya wenzake kila mwezi. Katibu huandika muhtasari wa kikao na barua ya kuomba uwanja. Mtunza vifaa huhesabu mipira na jezi. Nahodha husikiliza malalamiko kabla hayajawa ugomvi.

Kazi ya uamuzi nayo ni shule ya pekee. Kijana anayechezesha mechi ya wadogo zake hujifunza kuamua haraka, kuzomewa na kubaki na msimamo.

Jambo la msingi ni kupokezana. Nafasi ikikaliwa na mtu mmoja miaka mitano, klabu itapata kiongozi mmoja. Ikibadilishwa kila mwaka, itapata watano.

Kijana akikosea, na atakosea, mtu mzima asimnyang'anye kazi. Fedha ya nauli ikipungua, kikao kiulize imekwenda wapi na kikubaliane itarudishwaje. Kosa la shilingi elfu kumi katika klabu ni darasa la bei nafuu kuliko kosa la mamilioni katika ofisi ya umma.

Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni mfadhili wa msimu. Uchaguzi unapokaribia, jezi na mipira hugawiwa kwa wingi. Vifaa si vibaya, lakini klabu isiyo na katiba hugeuka kuwa ya mtoaji. Yeye ndiye huchagua viongozi, na baada ya kura hutoweka pamoja na mashindano yake.

Kikwazo cha pili ni viwanja. Ardhi tambarare mlimani ni adimu, na kati ya Machi na Mei mvua za masika huvigeuza viwanja kuwa matope. Klabu nyingi hutegemea viwanja vya shule na makanisa, hivyo kujua kuomba, kutunza na kurudisha uwanja ukiwa safi ni sehemu ya uhai wao.

Kikwazo cha tatu ni kuondoka. Vijana wa Kilimanjaro huenda Arusha, Dar es Salaam na kwingineko kwa masomo na kazi. Klabu inayomtegemea mtu mmoja hufa siku anapopanda basi. Iliyozoea kukabidhiana madaftari huendelea, na aliyeondoka hurudi Desemba na kuikuta ikicheza.

Faida baada ya mpira

Si kila kijana atacheza Ligi Kuu. Walio wengi watakuwa wakulima, wafanyabiashara, walimu, waongoza watalii na wazazi.

Wote hao watahitaji kuongoza kikao, kutunza fedha za watu na kukubali kushindwa katika kura. Hata mikopo ya halmashauri, ambapo kwa mujibu wa sheria asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa ajili ya vijana, hutolewa kwa vikundi vyenye katiba na viongozi. Waliokwisha kuendesha klabu hawaanzi sifuri.

Kwa hiyo mzazi anayemruhusu mwanawe kwenda uwanjani asiishie kumuuliza, "Mmeshinda mangapi?" Amuulize pia, "Wewe umepewa kazi gani?"