Vipindi vingi vya teminali katika Unix

Mtumiaji mmoja wa Unix anaweza kuendesha kazi kadhaa kwa pamoja, kila moja katika teminali yake. Kwenye Linux, aliyeketi mbele ya mashine huhama kutoka konsoli moja hadi nyingine kwa kubonyeza Ctrl, Alt na F2, F3 au F4. Aliye mbali hana njia hiyo, naye ndiye mwenye shida kubwa zaidi.

Tuseme mtu yuko Mulanda, wilayani Tororo, na seva yake iko Kampala, ameingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine iliyo mbali. Mtandao wa simu ukikatika, seva ikishagundua hutuma ishara ya SIGHUP, jina lililobaki tangu enzi za modemu zilizokata simu, na kwa kawaida kazi iliyokuwa ikiendelea hufa. Mpakani Busia na Malaba kuna la ziada: modemu inaweza kudaka mnara wa upande wa Kenya, anwani ya IP ikabadilika, na muunganisho wa TCP ukavunjika ingawa intaneti ipo.

Dawa ya kwanza iliyoenea ni Screen, iliyoandikwa mwaka 1987 na Oliver Laumann na Carsten Bormann huko Berlin. Programu hii hukaa kwenye seva yenyewe na kushika teminali kwa niaba ya mtumiaji. Anajitenga kwa Ctrl-a kisha d, au anatengwa na mtandao bila kutaka. Akirudi, amri ya screen -r humkutanisha na kazi yake ikiwa inaendelea. Madirisha mengi, yanayosifiwa zaidi, ni faida ya pili tu.

Nicholas Marriott alitoa tmux, programu ya aina hiyohiyo, mwaka 2007. Yenyewe hutumia Ctrl-b badala ya Ctrl-a. Watu wawili wanaweza kujiunga na kipindi kimoja: mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Busitema na mwanafunzi aliye kijijini wakaona maandishi yaleyale, kwa data kidogo kuliko simu ya video.

Mosh, programu ya kuingia kwa mbali ya mwaka 2012 kutoka MIT, hutumia UDP badala ya TCP na huvumilia anwani ya IP inapobadilika. Haigawi madirisha, hivyo wengi huitumia pamoja na tmux.

Umeme ukikatika kwenye seva, vipindi vyote hupotea. Hata bila hivyo, systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, katika toleo la 230 la mwaka 2016 ilikuja na mpangilio-msingi wa kuua kazi zote za kipindi mtumiaji anapotoka, na kuzua malalamiko mengi. Msimamizi wa seva huruhusu kazi zibaki kwa kuweka KillUserProcesses=no.