Kubadilisha oili ya pikipiki: uifanye mwenyewe au umlipe fundi?

Kuanzia Nyamiaga hadi Rusumo, Kabanga na Benaco, na kwa wenzetu wa Biharamulo, pikipiki inafika mahali ambapo gari halifiki. Inabeba abiria, ndizi, mahindi na mgonjwa anayewahishwa hospitali. Injini yake ikifa, nyumba nzima inakosa kipato. Moja ya mambo yanayoua injini mapema ni oili iliyochelewa kubadilishwa au oili isiyofaa. Katika makala hii tunaeleza oili inafanya kazi gani, ibadilishwe lini, na kama ni nafuu kuibadilisha mwenyewe au kumlipa fundi.

Oili inafanya kazi gani?

Ndani ya injini vyuma vinasuguana maelfu ya mara kwa dakika. Oili inaweka utando mwembamba katikati ya vyuma hivyo ili visilane. Pia inapunguza joto na kubeba masizi. Kadiri siku zinavyokwenda inachoka: inakuwa nyepesi, inajaa uchafu na utando wake unashindwa kazi.

Kwenye pikipiki nyingi za biashara, oili hiyohiyo inalainisha gia na inalowesha klachi. Hapo ndipo pikipiki inapotofautiana na gari. Baadhi ya oili za magari zimewekewa dawa ya kupunguza msuguano. Ukiiweka kwenye pikipiki, klachi inaweza kuteleza: injini inanguruma lakini chombo hakipandi mlima. Kwa milima yetu ya Ngara, hilo utaligundua siku ya kwanza tu ukiwa na abiria.

Soma kopo kabla ya kulipa

Angalia mambo matatu. La kwanza ni uzito wa oili, kwa mfano 20W-50. Namba yenye herufi W inaonyesha oili inavyotiririka kwenye baridi. Namba ya pili inaonyesha uzito wake injini ikishapata moto. Tumia uzito uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki yako.

La pili ni maandishi JASO MA au MA2. Hicho ni kipimo cha Japani kinachoonyesha kwamba oili inafaa kwa pikipiki ambayo klachi yake inalowa oili.

La tatu ni kopo lenyewe. Sili iwe nzima, na tafuta nembo ya ubora ya TBS. Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ni rahisi kwa bei, lakini huwezi kujua imetoka wapi wala kama imeshatumika.

Ibadilishwe lini?

Kitabu cha pikipiki kinataja kilomita. Shida ni kwamba pikipiki nyingi geji yake imekufa, na dereva anahesabu kwa wiki: "nitamwaga mwisho wa mwezi." Lakini mwezi wa mavuno na mwezi wa kiangazi havina safari sawa.

Kama geji haifanyi kazi, hesabu petroli. Tuseme pikipiki yako inakwenda kilomita 40 kwa lita moja, na kitabu kinasema ubadilishe oili kila kilomita 1,500. Gawanya 1,500 kwa 40, utapata lita 37 na nusu. Kila unapoweka mafuta, andika lita kwenye simu yako. Zikikaribia 37, muda umefika. Anayebeba mizigo mizito au anayeshinda kwenye vumbi na vilima awahi kidogo.

Kati ya mabadiliko hayo, pima oili kila baada ya siku chache. Rangi nyeusi peke yake haina maana kwamba oili imekwisha, kwa sababu kubeba masizi ni kazi yake. Lakini ikipungua kila wiki na moshi wa bluu ukatoka nyuma, injini inakula oili na inahitaji fundi.

Hesabu ya fedha

Tupige hesabu ya mfano. Wewe weka bei za kwenu. Bei ya oili haibadiliki, uifanye mwenyewe au fundi. Kinachobadilika ni ufundi. Tuseme fundi anachukua shilingi 2,000, na unabadilisha mara mbili kwa mwezi. Kwa mwaka ni mara 24, sawa na shilingi 48,000. Spana nzuri, mrija wa kumiminia na beseni tuseme ni shilingi 15,000. Baada ya kubadilisha mara nane, vifaa vimeshajilipa.

Faida nyingine ni kwamba unaona kwa macho yako oili gani imeingia na kiasi gani.

Hata hivyo, fundi mzuri hamwagi oili tu. Anakaza nati, anarekebisha mnyororo na kuangalia breki. Kama wako anafanya hayo kwa bei hiyohiyo, fedha yako haijapotea. Kama anamwaga, anajaza na kukuambia "tayari", kazi hiyo unaiweza. Pikipiki mpya ambayo bado ina dhamana, peleka kwa aliyekuuzia ili dhamana isipotee.

Kwa walio kwenye mkataba, kubalianeni mapema na mwenye chombo: oili ananunua nani, ya aina gani, na kila baada ya lita ngapi za petroli. Andikeni. Injini ikinoki, tajiri atasema dereva hakubadilisha oili, na dereva atasema hesabu ya siku haikumwachia kitu. Karatasi na risiti zinapunguza ugomvi huo.

Hatua kwa hatua

1. Washa injini dakika mbili au tatu ili oili iwe nyepesi, kisha zima na usubiri kidogo. Usiwahi ikiwa ya moto sana, itakuunguza.
2. Weka pikipiki kwenye stendi ya katikati, mahali tambarare. Safisha vumbi kwenye mfuniko wa oili na kwenye bolti ya chini.
3. Weka beseni chini ya injini. Fungua mfuniko wa juu, kisha bolti ya kumwagia kwa spana inayokaa sawasawa. Usitumie koleo, inakula kona za bolti.
4. Acha oili ichuruzike mpaka ianze kudondoka tone moja moja. Ukiona vipande vya chuma, mwonyeshe fundi.
5. Futa bolti na washa yake. Ianze kuikaza kwa vidole, kisha spana. Usiikanyage kwa mguu: injini ni ya aluminiamu, na uzi wake ukiliwa utalipa mara nyingi zaidi ya ulichookoa.
6. Mimina oili mpya kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu. Pikipiki nyingi za biashara zinachukua karibu lita moja.
7. Washa dakika mbili, zima, subiri dakika chache, kisha pima kwa kijiti au kidirisha cha kioo. Iwe kati ya alama mbili. Kuzidisha nako kunaharibu.

Na gari je?

Gari dogo kama Probox linachukua karibu lita 4 pamoja na filta mpya, na lazima uingie chini yake. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Kama huna stendi imara za kulishikilia, lipa gereji.

Oili chafu usiimwage

Wengi wanaimwaga kwenye shimo au kuipaka nguzo kuzuia mchwa. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani limeeleza kwamba lita moja ya oili chafu inaweza kuharibu hadi lita milioni moja za maji safi. Kwetu, kinachomwagwa mlimani kinashuka na mvua kwenye chemchemi na visima, kisha Ruvubu na Kagera, hadi Ziwa Victoria. Oili hiyo pia ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani, hivyo usiipake mwilini wala kwenye kidonda cha mfugo. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

Ihifadhi kwenye dumu lenye mfuniko, liandike "OILI CHAFU", na uliweke mbali na watoto. Likijaa, lipeleke gereji yenye pipa la kukusanyia. Kopo tupu la oili mpya litoboe, ili mtu asilijaze oili chafu na kumuuzia mwenzako.

Mara ya kwanza, mwombe fundi wako ufanye mwenyewe akiwa amesimama pembeni. Mlipe muda wake. Mara ya pili utaweza peke yako.