Kifua cha mama mbele ya sindano

Zamani, wakati wa kumtoboa kisigino mtoto aliyezaliwa mbele ya miezi kutimia, mama alikuwa anaambiwa: toka inje. Wengi wetu tuliona hiyo ni kawaida. Hata wanganga wengi wa Ulaya na Marekani walifikiri mtoto mdogo hivi hasikie maumivu. Watoto wengine walipasuliwa bila dawa ya usingizi ya kutosha. Ni mwaka 1987 ndipo wanganga Anand na Hickey walikusanya ushahidi kwamba anasikia.

Kule Bogotá, inchi ya Kolombia, kuvezi zilikuwa hazitoshe. Mwaka 1978 munganga Edgar Rey Sanabria akaanza kuweka watoto hao kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu. Njia ilizaliwa na ukosefu, kumbe ilikuwa na nguvu yake: kisha ilionekana kwamba mtoto anayetobolewa akiwa kifuani analia kidogo, na moyo wake unatulia upesi. Ziwa la mama, ao matone ya maji ya sukari ambayo munganga amepima, vinasaidia pia.

Bankambo wetu walikuwa wanamtuliza mtoto kwa kifua na wimbo, bila kusoma kitabu. Basi, ndugu wazazi, sindano ikiletwa, tuombe kwa heshima: acheni mama abaki.