Kizunguzungu, kisunzi na cheti cha rubani

Kijana wa Nkubu au Runyenjes anayetaka urubani hupita kwa daktari kabla ya kuruka peke yake. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, hutoa vyeti vya afya vya madaraja matatu: la kwanza kwa rubani wa ndege za biashara, la pili kwa mwanafunzi na rubani wa ndege binafsi, la tatu kwa mwongozaji wa ndege. Miongoni mwa maswali yanayoulizwa marubani karibu kote duniani limo hili: umewahi kupata kizunguzungu au kuzirai? Mambo mawili yamefungwa katika swali moja, na jibu la "ndiyo" lisilo na maelezo humwacha daktari asijue aanzie wapi.

Neno linalotumiwa na madaktari ni vertigo, kutoka kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kugeuka. Wanalitumia kwa hali moja mahususi: kuhisi mwendo usiokuwapo. Umelala kitandani, nao ukuta unapita mbele ya macho, au wewe mwenyewe unajiona unazungushwa. Kiswahili kina neno lililozaliwa kwa hali hiyohiyo. Kizunguzungu kimetokana na kuzunguka, na tena kimerudufiwa, maana mzunguko wenyewe haukomi. Sioni sababu ya kutafuta jingine.

Shida ni kwamba tumelipanua mno. Aliyeamka ghafla macho yakaingia giza husema ameona kizunguzungu. Mwenye upungufu wa damu husema hivyo, na mzee ambaye miguu haimshiki barabara husema vivyo hivyo. Kamusi nazo hukiweka kisunzi kando ya kizunguzungu kana kwamba ni kitu kimoja. Napendekeza tuyagawie maneno haya kazi. Kizunguzungu kiwe cha mzunguko. Kisunzi kiwe cha kichwa chepesi na giza la macho, hali inayokaribia kuzirai, ambayo mara nyingi chanzo chake ni moyo, damu, njaa au dawa. Kuyumba kubaki kwa miguu. Abiria anayetapika kwenye kona za Thuchi na Nithi kati ya Embu na Meru hayumo katika hata moja ya hizo. Huyo ana kichefuchefu cha safari, nacho huwapata watu wazima wa afya.

Kwa rubani mgawanyo huu una uzito, kwa sababu kila neno lina daktari wake. Kisunzi hupelekwa kwenye vipimo vya moyo na damu. (Hapo daktari atauliza pia kuhusu miraa na muguka. Mkulima wa Igembe au Mbeere anayajua kama mazao halali, lakini kanuni za anga zinaviweka vichangamshi katika kundi la vilevi vinavyoathiri akili, na mtu aliyekesha akitafuna hafai kurusha ndege.) Kizunguzungu chenyewe hupelekwa kwenye sikio.

Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo, yanakunja vinyweleo, na ubongo unapata habari ya mzunguko. Karibu na hapo kuna vijiwe vidogo vya kalisi. Vikichomoka vikaingia mferejini, vinafanya kazi ya changarawe kwenye mtaro wa maji shambani: mwendo unavurugika, na mtu akijigeuza kitandani dunia inazunguka kwa sekunde kadhaa. Madaktari Dix na Hallpike walieleza kipimo cha hali hii mwaka 1952: mgonjwa hulazwa haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa upande, na daktari hutazama mboni zinavyochezacheza. Mwaka 1992 John Epley, daktari wa Marekani, alichapisha namna ya kuvirudisha vijiwe kwa kukigeuza kichwa hatua kwa hatua. Ni kazi ya dakika chache, bila kisu.

Ugonjwa wa Ménière ni jambo jingine kabisa. Huja na mvumo sikioni na kupungua kwa usikivu, hurudi bila kubisha hodi, na mara nyingi humfungia mtu mlango wa daraja la kwanza. Streptomisini, sindano iliyotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu, nayo inaweza kuharibu kiungo cha mizani kilichomo sikioni moja kwa moja.

Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga, ambacho kanuni za nchi wanachama hukifuata, kinataka mwombaji asiwe na hitilafu katika kiungo cha mizani ya mwili. Kinazungumzia sikio la leo. Aliyewahi kuugua akapona si sawa na mgonjwa, na hata asiyetimiza sharti kikamilifu anaweza kupewa leseni, pengine yenye masharti, iwapo wataalamu wa tiba walioidhinishwa wataona kuwa hahatarishi usalama. Lakini wataalamu hao hawawezi kupima neno tupu. Wanahitaji chanzo.

Mbali na mzunguko, kichwa chepesi na kuyumba, kuna matumizi ya nne, nayo ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Marubani wanaozungumza Kiingereza huita vertigo pia ile hali ya kutojua ndege imeelekea wapi. Hiyo huwapata wenye masikio mazima. Ndege ikizunguka taratibu kwa mwendo uleule ndani ya wingu, majimaji ya sikio hutulia, na rubani huamini yuko sawa; akiinyoosha, anahisi anapinda upande wa pili. Ndege ya Kenya Airways, safari 507, ilianguka Douala usiku wa tarehe 5 Mei 2007 na watu wote 114 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi wa Cameroon walitaja hali hiyo kuwa chanzo cha ndege kutodhibitiwa. Kwa Kiswahili tuite kupotewa na mwelekeo angani. Tukiiita kizunguzungu, rubani mzima atadhani haimhusu. Anayeruka upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ambako pepo za Bahari ya Hindi hujaza mawingu, inamhusu.

Kwa hiyo wewe uliyewahi kutibiwa kizunguzungu Embu, Meru au Chogoria, usifiche. Omba maelezo ya matibabu yako kwa maandishi: kilianza lini, kilidumu muda gani, kilichochewa na nini, usikivu ulipungua au la, ulipimwaje, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Weka nakala, kwa sababu cheti cha daraja la kwanza cha rubani kijana hudumu miezi 12 na swali litarudi. Nao madaktari na wahudumu wa afya, nawaomba wasiandike kizunguzungu kabla ya kumuuliza mgonjwa: je, ulikuwa unazunguka, au macho yaliingia giza?