Treni Iliyochelewa Dakika Moja na Nusu

Kila ninapoambiwa kazini kwamba programu ya wiki tatu "inaweza kubanwa" iishe kwa mbili, mimi hukumbuka treni moja ya Japani. Leo nimeamua kuieleza, maana wengi wetu huzisifu treni za kule kwa kutochelewa bila kuuliza zile sekunde hupatikana wapi.

Sisi tuliozoea matatu isiyoondoka mpaka ijae tutashangaa. Kule, treni ya mjini ikichelewa dakika chache, abiria hupewa cheti cha kumwonyesha mkubwa wake kazini au mwalimu wake. Naam, cheti! Bila hicho kosa ni lako. Na kwa kuwa treni hufika kwa wakati kila siku, abiria naye hupanga maisha yake hivyo: anashuka hapa, dakika mbili baadaye anadaka nyingine upande wa pili. Hajiwekei akiba. Treni ya kwanza ikiteleza kidogo, asubuhi yake yote imevurugika.

Reli ya Fukuchiyama huwaleta watu wa vitongoji kama Takarazuka na Itami hadi Amagasaki, ambako wengi hubadilisha treni. Mwenye reli ni JR West, kampuni iliyozaliwa mwaka 1987 shirika la reli la taifa lilipogawanywa. Ilikuwa ikigombea abiria na kampuni ya Hankyu, na silaha yake ilikuwa kasi. Ratiba ikabanwa na kubanwa tena mpaka akiba ya muda ikakaribia kwisha.

Mtengenezaji yeyote wa programu anaijua hali hii. Mfumo usio na bafa hauna mahali pa kumeza kosa dogo, kwa hiyo kosa humwangukia mtu. Hapa lilimwangukia dereva. Aliyechelewa au kupitiliza kituo alipelekwa kwenye "mafunzo" yaitwayo nikkin kyoiku, ambako aliandikishwa ripoti za kujuta na kukaripiwa siku baada ya siku.

Tarehe 25 Aprili 2005 treni ya mabehewa saba iliendeshwa na kijana wa miaka 23, mwenye miezi 11 tu ya udereva. Alikwishapitia mafunzo hayo kwa siku 13. Pale Itami alipitiliza kituo kwa mita 72, ikabidi arudi nyuma. Akamwomba kondakta aupunguze umbali huo katika taarifa yake. Kondakta akaripoti mita 8. Treni ikaondoka ikiwa nyuma kwa karibu dakika moja na nusu.

Mbele kulikuwa na kona ya kilomita 70 kwa saa, iliyofanywa kali zaidi mwaka 1996. Treni iliingia kwa kasi ya 116. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2007 iliona yaelekea dereva alichelewa kushika breki kwa sababu akili yake ilikuwa kwenye redio, akisikiliza kondakta anasema nini juu yake. Saa tatu na dakika 18 asubuhi treni iliacha reli na kugonga jengo la makazi. Walikufa watu 107, dereva akiwamo, na 562 wakajeruhiwa.

Kinachoniuma kama mtu wa tarakilishi ni hiki: mfumo mpya wa breki za kujiendesha, unaopima kasi, ulikuwa tayari umepangwa kufungwa kwenye reli hiyo. Ulikuwa haujafika. Wa zamani haukuilinda kona ile.

Reli ilifunguliwa tena tarehe 19 Juni 2005 ikiwa na mfumo huo mpya. Kasi ya juu ilishushwa kutoka kilomita 120 hadi 95, ya kona kutoka 70 hadi 60, na ratiba ikalegezwa. Marais watatu wa zamani wa kampuni walishtakiwa, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Japani ilithibitisha kwamba hawana hatia. Sehemu ya lile jengo ilihifadhiwa, na tangu mwaka 2018 ni mahali pa kumbukumbu.